Shangazi Anajibu: "Maziwa yangu yamekutwa na zebaki. Nimwachishe mtoto ziwa?"

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke. Naishi kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo hapa mkoani Geita. Nina mtoto wa kiume wa miezi mitano, ndiye wa kwanza. Ananyonya vizuri, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki umekuwa ukipanda.

Mtoto alipokuwa mchanga walikuja watafiti, wakatukusanya zahanati akina mama tunaonyonyesha. Walisema wanataka kujua kama zebaki inayokamatia dhahabu kwenye mialo, pale tunapooshea mchanga, imefika kwenye maziwa yetu. Nilikubali, maana walisema itasaidia watoto wa hapa. Tuliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia, tukapewa kichupa cha plastiki, tukajikamua kwa mkono. Wakatukata na nywele kidogo kisogoni. Siku ile nilitoka nimefurahi, nikaona nimefanya jambo la maana.

Majibu yamekuja juzi, nilishasahau. Kijana aliyeyaleta aligawa bahasha akiwa juu ya pikipiki, akaondoka. Ndani kuna karatasi moja ya Kiingereza. Shemeji yangu anayesoma sekondari ndiye aliyenisomea: maziwa, zebaki mikrogramu 3.1 kwa lita. Nywele nazo zina namba yake. Hakuna maelezo mengine, wala namba ya simu.

Tangu siku hiyo sina raha. Mama mkwe ameniambia wazi kuwa namlisha mjukuu wake sumu. Ameanza kumpa uji mwepesi wa mahindi na maziwa ya ng'ombe, na mtoto sasa anaharisha. Kisimani wanawake wanaulizana namba. Aliyepata ndogo anajisifu, na mimi wananiangalia vibaya. Mume wangu hasemi kitu. Yeye hununua zebaki kwa kipimo, anaiweka kwenye chupa ya soda chumbani kwetu, na dhahabu anachomea kwenye jiko letu la mkaa, nyuma ya jiko kama hakuna mvua, ndani kama inanyesha. Mimi mwenyewe nilikuwa naosha mchanga mwaloni mpaka mimba ilipokuwa kubwa, na siku hizi nikikosa hela ya sabuni narudi, mtoto mgongoni.

Usiku nikimnyonyesha nalia. Nikimnyima anatafuta ziwa, nikimpa naona nampa sumu. Nauliza Shangazi: nimwachishe? Nikikamua nikachemsha, zebaki inatoka? Gulioni kuna mtu anauza dawa ya kusafisha damu, ninunue? Na je, nilikosea kukubali kupimwa?

Mama wa Mvulana, Geita

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Usimwachishe. Nimeliweka hilo mbele ili usome yanayofuata moyo ukiwa umetulia. Mnyonyeshe usiku na mchana, maziwa yako matupu mpaka atimize miezi sita, kisha chakula kingine kiongezwe na ziwa liendelee hadi miaka miwili au zaidi, kama kliniki ilivyokufundisha. Uji na maziwa ya ng'ombe visimame leo. Tumbo la miezi mitano halijawa tayari kwa vitu hivyo, na kwenye kijiji ambacho maji ya kisima yako jirani na mialo, kila kikombe cha uji kinaweza kubeba vijidudu, na hata zebaki yenyewe. Kuharisha huko kumpeleke zahanati kesho asubuhi, usisubiri. Mtoto wa umri huo huishiwa maji haraka, na hiyo ndiyo hatari iliyo karibu yake kuliko zote ulizoniandikia.

Sasa tuisome ile karatasi, maana hukusomewa inavyostahili.

Shirika la Afya Duniani lilishaandika kuwa katika hali ya kawaida maziwa ya mama huwa na zebaki ya kati ya mikrogramu 1.4 na 1.7 kwa lita. Tazama vizuri hapo: kawaida yenyewe si sifuri. Hakuna mama duniani, awe Geita, Paris au Tokyo, ambaye maziwa yake yakichunguzwa kwa mashine za leo hayatakutwa na chochote cha mazingira yake. Wewe una 3.1, yaani karibu mara mbili ya kawaida. Inaonyesha zebaki inakufikia kuliko inavyopaswa. Haionyeshi kwamba mtoto amedhurika.

Twende hatua moja zaidi. Mtoto wa umri wake hunyonya takriban mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa maziwa yenye 3.1 kwa lita, kila kilo yake inapata kama nusu mikrogramu kwa siku, au mikrogramu tatu na kidogo kwa wiki. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani iliweka mwaka 2010 mpaka wa mikrogramu 4 kwa kilo kwa wiki, kwa zebaki ya aina inayotokana na kazi kama zenu. Uko chini ya mpaka, ila si mbali nao. Nakueleza hivyo kwa sababu nataka ufanye kazi, nisikupoze ukalala. Karatasi yako pia imejumlisha zebaki za aina zote, na ile itokayo kwenye samaki ina mpaka mkali zaidi, ndiyo maana nitakutuma kwa daktari huko chini.

Na namba ya nywele isikutishe wala isikufariji. Nywele huonyesha zaidi zebaki ya samaki. Ile ya moshi wa dhahabu huonekana vizuri kwenye mkojo, na mkojo hawakupima.

Sikuandikii haya kwa kubahatisha kuhusu mkoa wako. Mradi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifika Rwamagasa, huko huko Geita, ukapima watu wanaoishi na zebaki. Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti wa maziwa ya akina mama 46 wa maeneo ya dhahabu ya Indonesia, Tanzania na Zimbabwe. Matokeo yalitofautiana sana: wengi walikuwa na kidogo, wachache walikuwa na nyingi mno, iliyoizidi yako kwa mbali. Kwa mama kama hao wachache ushauri unaweza kubadilika, na daktari ndiye anayeamua. Wewe hauko kundi hilo.

Mwanangu, kwenye barua yako yote kilichonishtua ni jiko la mkaa.

Unajua kazi yenyewe kuliko mimi. Zebaki inamiminwa kwenye mchanga uliooshwa, inashikana na dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa mpaka kinabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge kinawekwa juu ya moto. Kinapogeuka njano, ile rangi ya fedha imekwenda wapi? Imekwenda hewani. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na mtu akiuvuta sehemu kubwa sana, karibu nane kati ya kumi, inabaki mwilini. Zebaki ikimezwa kama ilivyo, tumbo hupitisha nyingi nje. Mapafu hayafanyi hivyo. Mume wako anapochoma ndani kwa sababu ya mvua, nyote watatu mnavuta, na mama mkwe wa nne. Mtoto huvuta pumzi haraka kuliko mtu mzima na ubongo wake bado unajengwa. Mvuke ukipoa unatua ukutani, kwenye chandarua, kwenye nguo zake zilizoanikwa, kwenye sufuria. Hapo ndipo zebaki ya maziwa yako ilipoanzia, na hapo ndipo mtoto anapoipata hata ungemwachisha ziwa leo. Ungemnyima maziwa, angebaki na moshi.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja: zebaki itoke nyumbani. Chupa ya soda isilale tena chumbani, na siku moja mtoto atakayeanza kutambaa asiione akadhani ni kinywaji. Kuchoma kuhamie mbali na nyumba za watu, na kufanywe kwa retorti, kile chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambacho mvuke hupoa ndani ya bomba na zebaki ikarudi kuwa majimaji. Mume wako atalielewa hili kwa hesabu zake: zebaki inayorudi ni hela aliyokuwa anaipeperusha. Jiko lililokuwa likichomea, kijiko, kopo, chochote kilichogusa kidonge, visirudi kupika hata chai. Nguo za mwaloni avulie huko huko, aoge, na wewe usizifue pamoja na nepi. Kama kuna rundo la marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, karibu na mlango, lihamishwe, maana kuku wanachakura hapo na watoto wanacheza hapo.

Na wewe usirudi mwaloni kwa sasa, hasa na mtoto mgongoni. Najua maana ya kukosa hela ya sabuni, sikuambii hili kirahisi. Lakini kwenye kazi zote za machimboni, kugusa zebaki na kukaa karibu na anayechoma ndizo mama anayenyonyesha anapaswa kuziacha kabla ya nyingine. Kupika chakula cha wachimbaji, kuuza maji, hata kuponda mawe kuna shida zake, hasa vumbi, ila zebaki haimo kwa kiasi hicho. Sheria nayo iko upande wako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unataka nchi zikomeshe uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu, na zilinde watoto, wajawazito na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwenyekiti wa kijiji akiulizwa habari za kutenga sehemu ya kuchomea, asikuone mkorofi.

Kuna njia nyingine zebaki hupita kimya kimya, na hukuzitaja, nami nitauliza. Unapaka mkorogo? Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina zebaki, huingia kwa ngozi moja kwa moja na kufika kwenye maziwa. Unatumia, acha leo. Unakula udongo, pemba au ule wa kichuguu? Najua hamu ya mimba huwa haikatiki siku ya kujifungua. Watafiti walishapima udongo unaoliwa na wajawazito wa maeneo ya migodi huko kwenu wakakuta metali zikiwemo za sumu. Samaki usiache, mtoto anahitaji lishe ile. Dagaa, na sato wadogo wa ziwani, ni wazuri. Punguza sangara wakubwa, kwa sababu samaki mkubwa anayekula wenzake hukusanya zebaki yao wote, na samaki wa madimbwi ya mwaloni usile kabisa.

Kuchemsha maziwa hakutoi zebaki. Kukamua na kumwaga nako hakusaidii, unapoteza chakula cha mtoto tu. Dawa ya gulioni usinywe. Hakuna anayejua ndani kuna nini, na chochote utakachokunywa mtoto naye atakipata. Mwili wako wenyewe ndio unaosafisha: zebaki ya aina yenu hupungua nusu kwa takriban miezi miwili, kisha nusu ya iliyobaki kwa miezi miwili mingine, mradi isiongezwe mpya. Mtoto akifikisha mwaka bado yuko kwenye ziwa, maziwa yako yatakuwa mengine kabisa.

Kuhusu mama mkwe, usimjibu kwa hasira. Hofu yake inatoka kwenye mapenzi, na yeye hakuelezwa chochote kama wewe hukuelezwa. Muombe muende naye zahanati, nesi amweleze mbele yako. Akina bibi wakishaelewa ndio walinzi wakali kuliko wote. Namuona tayari anamfukuza mwanawe na jiko lake.

Umeniuliza kama ulikosea kukubali kupimwa. Hukukosea hata kidogo. Maziwa ya mama ni kati ya vipimo ambavyo dunia inavitegemea kujua sumu za mazingira zimefika wapi. Shirika la Afya Duniani lilianza kuratibu upimaji huo mwaka 1987, na Kenya na Uganda zimo kati ya nchi ambazo akina mama wake walitoa maziwa. Ni kwa vipimo vya namna hiyo Sweden iliona kemikali za kuzuia moto kwenye samani zikiongezeka maradufu kwenye maziwa ya akina mama kila miaka mitano, tangu miaka ya 1970 hadi 1990. Kemikali hizo zikabanwa, na kwenye maziwa zikaanza kushuka. Hapo mama aliyejikamua kwenye kichupa amefanya kazi ambayo mbunge hakuifanya.

Kosa ni la waliokuletea bahasha na kuondoka. Na hilo linaweza kufanywa vizuri, mifano ipo. Boston, Marekani, akina mama waliopimwa maziwa kwa ajili ya kemikali hizo hizo za samani waliulizwa baadaye wamejisikiaje, na majibu yao yakachapishwa mwaka 2009. Karibu wote walitaka kujua namba zao wenyewe. Baadhi waliingiwa na wasiwasi, kama wewe. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema amepunguza muda wa kunyonyesha kwa ajili ya majibu, na watafiti waliona kuwa kilichosaidia ni maelezo yaliyotolewa pamoja na namba, pamoja na kukumbushwa waziwazi faida za kunyonyesha. Mama wa Boston na mama wa Geita wana moyo mmoja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikalishwa akaelezwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Akwesasne, nchi ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika, iliyo mpakani mwa Marekani na Kanada, kando ya mto Saint Lawrence. Viwanda vya jirani vilimwaga mtoni kemikali ziitwazo PCB, na watu wa pale walikuwa wakiishi kwa samaki. Miaka ya 1980 mkunga wao, Katsi Cook, aliwakataa watafiti wanaochukua sampuli na kutoweka. Alianzisha mradi ambao akina mama wenyewe walishiriki kupima maziwa yao na kuyasoma majibu yao. Waliposhauriwa wapunguze samaki wa mto ule walipunguza, na vipimo vya miaka iliyofuata vikaonyesha kemikali hiyo imepungua kwenye maziwa. Ziwa hawakuliacha.

Sasa hospitali. Nenda na kadi ya mtoto na karatasi yako, uanzie zahanati, uombe rufaa hospitali ya mkoa, na ikibidi Bugando, Mwanza. Omba mkojo wako upimwe zebaki. Kama hospitali haina kipimo, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, waulize wakuelekeze. Usisubiri zamu wala nauli ya mwisho wa mwezi ukiona mtoto viganja na nyayo vimekuwa vyekundu na vinababuka, analia bila kubembelezeka, anatokwa jasho jingi, amelegea au amekataa kunyonya. Wewe nawe, au mume wako, mkiona mikono inatetemeka, usingizi umepotea, fizi zinavimba au mdomoni kuna ladha ya chuma, semeni hivyo hivyo kwa daktari, na tajeni kuwa mnachoma dhahabu, kwa sababu asipoambiwa anaweza kukutibu malaria.

Mwisho, wale wanawake wa kisimani. Namba zao si za kushindania, kwa sababu wote mnavuta hewa moja, na mwenye ndogo leo anaweza kuwa na kubwa mwezi ujao mumewe akipata mwamba mzuri. Zungumza na wawili watatu, mwende kwa mganga mfawidhi wa zahanati mliyokusanyikiwa, kwa kuwa yeye anawajua waliokuja. Mtake warudi waeleze kwa Kiswahili: namba ya kila mmoja ina maana gani, ya kijiji kwa jumla ikoje, mkojo utapimwa lini, na wanaume watapata wapi retorti. Waombeni waje siku ya kliniki ya watoto, na waume zenu muwabane wafike.

Ukishapata majibu ya mkojo niandikie, tuyasome pamoja.

Shangazi